Malezi ya watoto katika familia za Kiyahudi za kidini wakati wa vita

Malezi ya watoto katika familia za Kiyahudi za kidini wakati wa vita ni namna ambavyo wazazi Wayahudi wanaoshika dini huwalinda, huwafundisha na huwatuliza watoto wao pale vita au tishio la vita linapovuruga maisha ya kawaida. Familia hizo huongozwa na Halakha, yaani sheria ya dini ya Uyahudi, inayogusa chakula, mavazi, sala, masomo na hasa siku ya Sabato. Vita huingilia karibu kila sehemu ya maisha hayo: king'ora hulia usiku wa Ijumaa wakati simu na redio zimezimwa, sinagogi hufungwa, baba huitwa jeshini siku ya sikukuu, na mtoto huuliza maswali ambayo mzazi mwenyewe hana jibu lake.

Hata hivyo, utaratibu uleule wa dini unaovurugwa na vita ndio ambao wazazi wengi huutumia kumtuliza mtoto. Mishumaa ya Ijumaa, baraka ya wazazi, sala ya kabla ya kulala na maswali ya Pasaka hurudi kila wiki au kila mwaka, hata pale ambapo mengine yote yamebadilika.

Makala hii inahusu zaidi Israeli tangu mwaka 1991, pamoja na mifano ya nyuma kutoka Ulaya na Afrika.

## Msingi katika sheria ya dini

### Wajibu wa mzazi

Amri ya kuwafundisha watoto imo katika Torati yenyewe. Kumbukumbu la Torati 6:7 inamtaka mzazi awafundishe wanawe akiwa nyumbani na akiwa njiani, anapolala na anapoamka. Kitabu cha Kutoka (12:26) kinatazamia kwamba mtoto atauliza maana ya ibada ya Pasaka, na kwamba mzazi atapaswa kumjibu. Kwa sababu hiyo swali la mtoto lina heshima kubwa katika Uyahudi: masimulizi ya usiku wa Pasaka huanzia kwenye maswali ya mtoto aliye mdogo kuliko wote mezani.

Talmudi ya Babeli, katika kitabu cha Kiddushin, inaorodhesha wajibu wa baba kwa mwanawe: kumtahiri, kumfundisha Torati, kumwoza na kumfundisha kazi ya kujipatia riziki. Baadhi ya walimu wa zamani waliongeza wajibu wa kumfundisha kuogelea, maana uhai wake unaweza kutegemea ujuzi huo. Hivyo kumwandaa mtoto kwa hatari huhesabiwa kuwa sehemu ya malezi ya dini tangu zamani. Katika kitabu cha Shabbat, Talmudi inasema pia kwamba ulimwengu unasimama kwa pumzi ya watoto wanaosoma, na kwamba masomo yao yasikatizwe hata kwa ajili ya kujenga Hekalu. Fundisho hilo hutajwa mara nyingi shule zinapofungwa kwa sababu ya vita.

### Kuokoa nafsi

Kanuni kuu wakati wa hatari ni ile ya kuokoa nafsi (kwa Kiebrania *pikuah nefesh*). Kwa kanuni hiyo, uhai wa mtu ukiwa hatarini, karibu amri zote za dini huwekwa kando. Zinazobaki ni tatu: kukataza ibada ya sanamu, uzinzi na uuaji. Walimu wa Talmudi waliitegemeza kanuni hiyo hasa kwenye Mambo ya Walawi 18:5, wakieleza kwamba amri zilitolewa ili mtu aishi kwa hizo, si ili afe kwa sababu yake.

Mwanafalsafa na mwanasheria Maimonides (1138–1204) aliandika kwamba kuchelewa kuvunja Sabato ili kuokoa mtu ni kosa, kwa kuwa sheria za Torati zimeletwa kwa ajili ya huruma na amani duniani. Aliongeza kwamba kazi ya kuokoa isiachiwe watoto wala wageni wa dini, bali ifanywe na wakubwa na wenye elimu. *Shulhan Arukh*, kitabu cha sheria cha karne ya 16, kinarudia agizo hilo. Lengo ni kwamba hakuna atakayesitasita siku nyingine akidhani jambo hilo lina aibu. Katika malezi, maana yake ni kwamba mtoto amwone baba yake au rabi mwenyewe akishika simu siku ya Sabato ili kuita gari la wagonjwa, na ajue kwamba hapo hakuna amri iliyodharauliwa.

## Historia

### Wakati wa Wamakabayo

Swali la vita na Sabato ni la kale. Kitabu cha Kwanza cha Wamakabayo kinasimulia kwamba, wakati wa mateso chini ya mfalme Antioko IV katika karne ya 2 KK, Wayahudi waliojificha jangwani walishambuliwa siku ya Sabato. Walikataa kujitetea wakauawa pamoja na wake zao na watoto wao. Baada ya hapo kuhani Matathia na wenzake waliamua kwamba wangepigana hata siku ya Sabato wakishambuliwa. Sikukuu ya Hanuka, ambayo watoto huipenda kwa taa zake na vyakula vilivyokaangwa kwa mafuta, inatokana na vita hivyo.

### Vita Kuu ya Pili ya Dunia

Mwaka 1939 Uingereza iliwahamisha watoto wengi kutoka mijini kwa kuogopa mabomu. Shule ya sekondari ya Kiyahudi ya kaskazini mwa London, iliyoongozwa na Judith Grunfeld (1902–1998), ilihamishiwa Shefford na vijiji vya jirani katika wilaya ya Bedfordshire, ikabaki huko hadi mwisho wa vita. Wanafunzi wake walikuwa mia kadhaa, na wengi wao walikuwa wakimbizi kutoka Ujerumani na Austria waliotengana na wazazi wao. Walipokelewa katika nyumba za Wakristo wa vijijini ambao hawakuwa wamewahi kuishi na Wayahudi. Wenyeji walishangaa kuona watoto wasiokula nyama waliyopikiwa na wasiogusa taa Ijumaa jioni. Shule ilipanga jiko la pamoja, sala na masomo ya Torati, na polepole wenyeji wengi wakaanza kuwasaidia watoto kushika desturi zao. Grunfeld aliandika kumbukumbu za miaka hiyo katika kitabu kinachoitwa *Shefford*.

Katika nchi zilizotawaliwa na Wanazi hali ilikuwa tofauti kabisa, kwa kuwa watoto wenyewe walikusudiwa kuuawa. Mfano unaojulikana ni wa Rabi Kalonymus Kalman Shapira wa Piaseczno, Polandi. Mwaka 1932 alikuwa amechapisha kitabu cha malezi kwa ajili ya wanafunzi na walimu wao, akisisitiza kwamba mtoto ajione mwenyewe kuwa na wajibu wa kukuza roho yake badala ya kusubiri kuamriwa. Septemba 1939 mwanawe wa kiume alijeruhiwa katika mashambulizi ya mabomu juu ya Warshawa, akafa. Shapira aliendelea kuhubiri katika geto la Warshawa hadi mwaka 1942. Mahubiri yake ya kwanza yanafuata maelezo ya kawaida ya dini kuhusu mateso. Yale ya mwisho yanasema mateso ya wakati huo yamepita kipimo cha zamani, na yanamzungumzia Mungu anayelia pamoja na watu wake. Aliuawa mwaka 1943. Maandishi yake yalifukiwa ardhini, yakapatikana baada ya vita na kuchapishwa Israeli mwaka 1960. Leo husomwa na walimu na wazazi wanaotafuta namna ya kuzungumza juu ya msiba bila kutoa majibu mepesi.

Baada ya vita, watoto wengi waliookolewa walikuwa wamefichwa katika nyumba za Wakristo na katika monasteri, na baadhi hawakukumbuka tena kwamba walizaliwa Wayahudi. Mwaka 1946 Rabi Isaac Herzog, rabi mkuu wa Palestina ya wakati huo, alizunguka Ulaya akiwatafuta watoto wa namna hiyo.

### Afrika

Katika Uganda, jumuiya ya Abayudaya wa eneo la Mbale, iliyoanzishwa na Semei Kakungulu mwaka 1919, ilipigwa marufuku kushika dini yake chini ya utawala wa Idi Amin. Masinagogi yalifungwa, wengi wakahamia Ukristo au Uislamu, na waliobaki waliwafundisha watoto wao kwa siri. Serikali ya Amin iliangushwa katika vita kati ya Uganda na Tanzania. Kampala ilitekwa tarehe 11 Aprili 1979, siku ambayo jioni yake Pasaka ya Kiyahudi ilianza. Jumuiya hiyo huikumbuka Pasaka hiyo kama ukombozi wake yenyewe.

Mwaka 1991, vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Ethiopia vilipokaribia Addis Ababa, Israeli iliwasafirisha Wayahudi zaidi ya 14,000 kwa ndege katika muda wa saa 36 hivi, tarehe 24 na 25 Mei. Siku hizo zilikuwa Ijumaa na Jumamosi, na safari ziliendelea Sabato nzima kwa kanuni ya kuokoa nafsi. Watoto wengi waliosafirishwa walitoka katika familia zilizokuwa zikishika Sabato kwa ukali mkubwa.

## Israeli tangu mwaka 1991

### Vita vya Ghuba

Alfajiri ya Ijumaa tarehe 18 Januari 1991 makombora ya kwanza ya Scud kutoka Iraki yalianguka Israeli. Katika wiki zilizofuata yalirushwa makombora karibu 40. Iliogopwa kwamba yangebeba gesi ya sumu, hivyo kila mkazi alipewa kinyago cha kuzuia gesi, na watoto wachanga waliwekwa ndani ya vitanda vilivyofunikwa kwa plastiki. Familia zilichagua chumba kimoja, zikaziba madirisha kwa plastiki na utepe wa gundi, na kuweka taulo lenye maji chini ya mlango.

Kwa familia za kidini tatizo lilijitokeza jioni ya siku ileile, Sabato ilipoingia. Kuwasha redio siku hiyo ni marufuku, na kuiacha ikizungumza kunavunja utulivu wa Sabato. Suluhisho lilikuwa kituo cha redio kilichoitwa "wimbi la kimya": redio iliachwa wazi tangu Ijumaa mchana lakini haikutoa sauti yoyote isipokuwa tahadhari ilipotolewa. Njia hiyo imetumika tena katika vita vilivyofuata.

Mapigano yalisimama tarehe 28 Februari 1991, siku ya Purimu, sikukuu ambayo watoto huvaa mavazi ya kuigiza na kusherehekea kuokoka kwa Wayahudi katika Uajemi wa kale. Katika familia nyingi sadfa hiyo ilisimuliwa kwa watoto kama muujiza.

### Chumba cha usalama na sekunde 15

Baada ya vita hivyo, sheria ilitaka nyumba mpya zijengwe na chumba cha usalama chenye kuta za zege, mlango wa chuma na dirisha la kuzuia mlipuko. Mara nyingi chumba hicho hutumiwa kama chumba cha kulala cha watoto, ili wasilazimike kuamshwa na kubebwa king'ora kinapolia usiku.

Katika mji wa Sderot, karibu na Ukanda wa Gaza, roketi zilianza kuanguka mwaka 2001. Muda kati ya king'ora na mlipuko huko ni sekunde 15 hivi. Sehemu za kuchezea watoto zilijengwa zikiwa na mabomba makubwa ya zege yaliyopakwa rangi kama viwavi, ili mtoto akimbilie ndani akiwa bado mchezoni. Tahadhari ya Sderot iliitwa kwanza "Mapambazuko Mekundu". Neno la Kiebrania la mapambazuko, Shahar, ni jina pia la watu, na baada ya msichana mdogo mwenye jina hilo kulalamika, tahadhari ilibadilishwa kuwa "Rangi Nyekundu".

Katika vita vya Lebanoni vya mwaka 2006 roketi karibu 4,000 zilirushwa kaskazini mwa Israeli katika siku 34, na familia nyingi zilihamia kusini kwa muda. Mfumo wa kuangusha roketi uitwao Iron Dome ulianza kutumika mwaka 2011. Umepunguza vifo, lakini haukuondoa king'ora wala hofu ya watoto.

### Tarehe 7 Oktoba 2023 na baada yake

Shambulio la Hamas la tarehe 7 Oktoba 2023 lilitokea siku ya Sabato ambayo pia ilikuwa sikukuu ya Simhat Torah. Kwa desturi, siku hiyo watoto wote wa sinagogi hukusanywa chini ya shali kubwa ya sala na kubarikiwa pamoja. Asubuhi hiyo ving'ora vilianza mnamo saa 12:30. Familia za kidini nyingi, hata zile za mbali na Gaza, zilikuwa hazijawasha simu. Zilijua kwamba kuna jambo zito kwa kusikia ving'ora vikirudiarudia, au kwa kuona wanaume wakiondoka sinagogi kwa magari kuelekea kwenye vikosi vyao, jambo ambalo watoto hawakuwa wamewahi kuliona siku ya Sabato.

Watu wapatao 1,200 waliuawa nchini Israeli na 251 walichukuliwa mateka. Miongoni mwa waliouawa walikuwamo wafanyakazi na wanafunzi wa kigeni, wakiwemo vijana wawili wa Kitanzania waliokuwa katika mafunzo ya kilimo. Vita vilivyofuata vimeua makumi ya maelfu ya Wapalestina katika Gaza, wakiwemo maelfu mengi ya watoto, kwa mujibu wa Wizara ya Afya ya Gaza. Upande wa Israeli, zaidi ya watu 100,000 walihamishwa kutoka kusini na kaskazini, wengi wao wakiishi hotelini kwa miezi. Kwa familia za kidini maisha ya hotelini yalimaanisha Sabato katika ukumbi wa kulia pamoja na wageni, sinagogi katika chumba cha mikutano, na watoto wasio na shule yao.

Juni 2025 vita kati ya Israeli na Iran vilidumu siku 12, kuanzia Ijumaa tarehe 13. Shule na masinagogi yalifungwa na sala za pamoja zikahamia majumbani, uani na katika mahandaki.

## Maisha ya kila siku

### Sabato

Wakati wa vita matayarisho ya Ijumaa huongezeka. Mbali na kupika na kuoga, familia huacha taa ikiwaka ndani ya chumba cha usalama na huweka humo maji, biskuti, vitabu vya sala na michezo. Redio huwekwa kwenye wimbi la kimya, au simu huachwa wazi mahali ambapo tahadhari itasikika bila mtu kuigusa. Tangu Oktoba 2023 marabi wengi wameruhusu hilo waziwazi, na baadhi wamewaagiza watu walio katika maeneo ya hatari kubaki na simu zao.

Wazazi hufundisha mpaka kwa vitendo. King'ora kikilia, mtoto hubebwa, mlango wa umeme hufunguliwa, na taa huwashwa ikiwa giza lina hatari. Hatari ikipita, Sabato huendelea: simu haitumiwi kutazama habari wala kuzungumza na rafiki. Mtoto hujifunza hivyo kwamba ruhusa ilitolewa kwa ajili ya uhai, na kwamba Sabato haikufutwa.

### Baraka na sala

Ijumaa jioni wazazi huweka mikono juu ya kichwa cha kila mtoto na kumbariki kwa maneno ya Mwanzo 48 na Hesabu 6. Katika nyumba nyingi ni baba anayefanya hivyo. Akiwa jeshini, mama hubariki peke yake, au baba hubariki kwa simu kabla jua halijatua. Tendo hili dogo hutajwa na familia nyingi kuwa ndilo watoto huliuliza mara ya kwanza baba anapokosekana.

Sala ya Shema husomwa kitandani kila usiku. Wakati wa vita huongezwa Zaburi, hasa ya 121 na ya 130, nyumbani na shuleni. Watoto wengine hupewa jina la askari au mateka mmoja wa kumwombea. Baadhi ya walimu huliunga mkono jambo hilo kwa kuwa humpa mtoto la kufanya badala ya kukaa na hofu. Wengine huonya kwamba mtu aliyeombewa akifa, mtoto anaweza kudhani sala yake ndiyo iliyopungua. Aliyeokoka hatari husoma baraka ya shukrani iitwayo Hagomel mbele ya watu katika sinagogi, na watoto huisikia na kuitikia.

### Mzazi anapoitwa jeshini

Oktoba 2023 Israeli iliita askari wa akiba karibu 300,000, na wengi wameitwa tena na tena. Familia za kidini kwa kawaida zina watoto wengi, hivyo mama hubaki na watoto watano, sita au zaidi, huku akiendelea na kazi. Majirani hupika kwa zamu, vijana wa vyama vya vijana huja kulea watoto jioni, na sinagogi hupanga mtu wa kukaa na wavulana wakati wa sala badala ya baba yao.

Wakati wa msiba, familia hukaa siku saba za maombolezo, ziitwazo Shiva. Watoto hawafichwi: nyumba hujaa watu, na huzungumzwa juu ya marehemu. Ni desturi pia kuwapa watoto wachanga majina ya waliokufa, hivyo vita huacha alama katika majina ya kizazi kinachofuata.

## Kumjibu mtoto

Maswali ya watoto huwa ya aina tatu hivi. La kwanza ni la usalama: je, tutakufa? Washauri wa malezi, wa kidini na wasio wa kidini, hukubaliana kwamba mzazi asitoe ahadi asiyoweza kuitimiza. Badala yake aeleze kinachofanywa ili kuwalinda, yaani chumba, king'ora, na watu wanaolinda.

La pili ni la imani: kwa nini Mungu ameruhusu? Wazazi wengine hujibu kwa kutaja miujiza ya waliookoka. Wakosoaji ndani ya jamii hizohizo husema jibu hilo humwumiza mtoto ambaye baba yake hakuokoka. Wapo wanaoona afadhali kukiri kwamba mwanadamu hajui, wakitaja Ayubu na Zaburi za malalamiko, ambamo kumlalamikia Mungu kunahesabiwa kuwa sala.

La tatu ni kuhusu adui. Biblia ina amri ya kumkumbuka Amaleki, taifa lililowashambulia Waisraeli wanyonge jangwani, na katika vita vilivyoanza Oktoba 2023 baadhi ya walimu na wanasiasa wamewafananisha maadui na Amaleki. Wengine hupinga vikali, wakisema mfano huo hufuta tofauti kati ya mpiganaji na mtoto wa adui. Hutaja desturi ya usiku wa Pasaka, ambapo kila mmoja hudondosha matone ya divai kutoka kikombe chake anapotaja mapigo ya Misri. Kwa maelezo ya wengi, furaha ya kuokolewa hupungua kwa sababu Wamisri nao waliteseka. Namna mzazi anavyolieleza tone hilo la divai huonyesha mara nyingi anamfundisha nini mtoto wake kuhusu vita.

## Tofauti kati ya jamii

Familia za kidini hazifanani. Katika jamii ya kidini-kitaifa, huduma ya jeshi huonwa kuwa wajibu wa dini. Wavulana wengi hupitia shule za Torati zinazounganisha masomo na jeshi, na wasichana wengi hufanya huduma ya taifa katika hospitali na shule. Wazazi hao hulea wakijua kwamba mtoto wa leo ni askari wa kesho.

Kati ya Waharedi, wanaoshika dini kwa ukali zaidi, wanaume wengi hawajiungi na jeshi, wakiamini kwamba kusoma Torati nako kunalinda taifa. Tarehe 25 Juni 2024 Mahakama Kuu ya Israeli iliamua kwamba hakuna tena msingi wa kisheria wa kuwaachilia wanafunzi hao. Suala hilo limeleta uchungu mkubwa: mtoto ambaye baba yake yuko vitani hukaa mtaa mmoja na mtoto ambaye baba yake hakuitwa.

Familia zinazoishi katika makazi ya walowezi ya Ukingo wa Magharibi zina hali ya pekee. Nchi nyingi duniani huyaona makazi hayo kuwa kinyume cha sheria za kimataifa, na wakosoaji huuliza kama ni haki kuwalea watoto katikati ya mgogoro huo, na kuhusu watoto Wapalestina wa jirani wanaokua chini ya utawala wa kijeshi. Wakazi wenyewe hutaja wajibu wa dini na historia ya mahali hapo.

Nje ya Israeli hofu huchukua sura nyingine. Tarehe 19 Machi 2012 watoto watatu na mwalimu mmoja waliuawa katika shule ya Kiyahudi mjini Toulouse, Ufaransa. Tangu hapo ulinzi wa shule na masinagogi ya Ulaya umeongezwa, na wazazi hulazimika kuamua kama mvulana avae kofia yake ya dini barabarani au aifunike kwa kofia ya kawaida.

## Afya ya akili

Wakati wa Vita Kuu ya Pili, Anna Freud na Dorothy Burlingham waliwalea watoto katika vituo vyao vya London. Waliona kwamba kutengana na wazazi kuliwaumiza wengi kuliko mabomu yenyewe, na kwamba mtoto mdogo huakisi hofu au utulivu wa mama yake. Jambo hilo bado ni msingi wa ushauri unaotolewa leo.

Dalili za kawaida ni kukojoa kitandani, kushikamana na mzazi, kushtuka kwa sauti ya pikipiki au mlango, na kukosa usingizi. Katika vita vya mwaka 2006 wanasaikolojia wa Israeli walibuni mwanasesere wa mbwa mwenye uso wa huzuni na mikono mirefu, aitwaye Hibuki. Mtoto huambiwa kwamba mbwa huyo ana huzuni na anahitaji kutunzwa. Kwa kumtunza, mtoto hupata nafasi ya kusema hofu yake mwenyewe. Mwanasesere huyo ametumika baadaye Japani na kwa watoto wa Ukraine.

Katika jamii za kidini zaidi, wazazi wengi walisita zamani kwenda kwa mwanasaikolojia, kwa kuogopa fedheha au kwa kuhofia ushauri usiolingana na dini. Hali hiyo imebadilika kiasi, kwa kuwa wapo sasa wanasaikolojia wanaoshika dini, na marabi wengi huhesabu tiba ya akili kuwa sehemu ya kuokoa nafsi. Kwa msingi huo mzazi anaweza kupiga simu ya msaada hata siku ya Sabato ikiwa uhai wa mtoto uko hatarini, kama vile angefanya kwa jeraha la mwili.

## Tazama pia

* Uyahudi
* Sabato
* Talmudi
* Pasaka ya Kiyahudi
* Abayudaya
* Vita vya Ghuba
* Mgogoro wa Israeli na Palestina
* Haki za watoto